Mjadala: Wakongwe wa frateniti za Marekani wawajibike kwa yanayowapata vijana wao?

Mleta mada:

Wakuu, salaam.

Mpwa wangu ameanza chuo kikuu huku Marekani mwaka huu. Wiki ya tatu tu akanipigia: "Shikamoo mjomba. Nimealikwa kujiunga na frateniti. Niingie?" Nikamwambia anipe siku chache. Naileta hapa kwa sababu kila nikijaribu kumjibu najikuta nagongana na jambo kubwa kuliko yeye.

Kwa wasiozijua, frateniti ni vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, vingi vinajiita kwa herufi za Kigiriki. Ukishaapishwa umeapishwa, uanachama hauishi siku ya mahafali. Ndiyo maana utamkuta mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 19 wanaitana ndugu, na wanamaanisha. Matawi mengi yenye nyumba, nyumba yenyewe iko mikononi mwa shirika la wakongwe, yaani wanachama waliokwisha kuhitimu: wao ndio wanaopokea kodi, wanaoziba paa, wanaomwajiri mpishi.

Swali langu ndilo hili. Mkongwe anayemiliki nyumba na kujivunia vijana wake, awajibike pia kisheria kijana akiumizwa humo? Mimi nasema ndiyo.

Sisemi hivyo kwa kuwachukia. Alpha Phi Alpha ilizaliwa Chuo Kikuu cha Cornell tarehe 4 Desemba 1906, na mwanzo wake ulikuwa kikundi cha wanafunzi weusi wachache waliokaa pamoja kusoma na kushikana mkono, wakiwa wamezungukwa na watu wasiowataka. Martin Luther King aliapishwa humo mwaka 1952, akiwa anasomea udaktari wa falsafa Boston. Na ile sanamu yake kubwa pale Washington, iliyofunguliwa 2011, wazo lake lilitoka kwa ndugu zake hao wa Alpha, wakalibeba kwa zaidi ya miaka 20. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe nao walikuwa Phi Beta Sigma, frateniti nyingine ya weusi. Tangu miaka ya 1920 vyama hivi vina mipango ya kuwashika mkono vijana weusi wafike sekondari, kisha chuo.

Nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu. Jirani yangu, mzee mstaafu, alinichukua Jumamosi moja hadi ukumbi wa kanisa ambako wakongwe wa tawi lake hukutana na vijana. Alikaa na kijana mmoja saa nzima juu ya barua ya kuomba kazi. Kila sentensi aliyoikata kwa kalamu, alimwuliza kwanza: "Hapa ulitaka kusema nini?" Mwisho akamfunga tai, akaifungua, akamwambia ajifunge mwenyewe. Mara nne. Ya tano ikakaa. Wakati wa kuondoka akampa kadi yenye namba ya simu, akamwambia: "Nipigie kabla hujaanza kuniogopa." Sijaisahau kauli hiyo.

Sasa upande wa pili. Tuliosoma bweni tunakumbuka njuka alivyopokelewa. Huku ni yale yale, ila kumeongezwa pombe na kiapo cha siri. Februari 2017, nyumba ya frateniti ya Beta Theta Pi pale Chuo Kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kupokelewa, akaanguka kwenye ngazi, akakaa kwa muda wa karibu saa 12 bila mtu kuita msaada. Alifariki siku mbili baada ya kuanguka. Wenzake walikuwepo, wakipita pembeni yake.

Sisi watu wa pwani tuna jando. Nyakanga hakuwaachia waliotoka kumbini mwaka jana wawafunde wari wa mwaka huu peke yao. Kila mwari alikuwa na kungwi wake, na mwari akipatwa na jambo, mama yake alijua amwendee nani. Frateniti imechukua kiapo, nyimbo, siri na majaribu, kisha usiku wenyewe imewaachia watoto wa miaka 20. Kungwi yuko mji mwingine, anasubiri kuitwa kwenye karamu ya kila mwaka.

Naombeni hoja zenu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa umeteleza.

Mimi ni Mkenya, nimeapishwa huku Atlanta, na kila muhula nalea vijana wanne. Silipwi hata senti. Mmoja wao alifiwa na baba katikati ya mitihani. Mimi ndiye niliyekwenda naye kwa walimu wake, mmoja baada ya mwingine, kuomba aahirishiwe. Unataka mtu kama mimi aburuzwe mahakamani kwa ajili ya kitu kilichofanyika saa nane usiku chumba kimefungwa?

Na mfano wako wa Penn State unakupinga wewe mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na mlezi, mtu mzima, ana chumba chake humo humo. Kamera zilikuwa ukutani, ndiyo maana tunajua yaliyotokea. Kungwi alikuwa kumbini, mkuu, na mwari akafa.

Halafu, mwaka 1990 vyama vya watu weusi vilikubaliana kufuta kabisa kile kipindi cha majaribu kabla ya kuapishwa. Unajua kilichofuata? Majaribu yakahamia gizani, mahali ambapo mzee hafiki. Ukiongeza vitisho vya kesi, wa kwanza kuondoka atakuwa huyo jirani yako mwenye kalamu. Watabaki wale wanaokuja kunywa na vijana. Mtu wa miaka 20 anapiga kura na anakwenda vitani. Abebe lake.

Mchangiaji wa pili:

Mnabishana kuhusu usiku mmoja, nami nauliza kuhusu miaka 40 inayofuata. Nimefanya kazi ofisi ambayo bosi akiona herufi fulani kwenye wasifu, mahojiano yanageuka maongezi ya ndugu. Mimi mwanamke, mgeni, nimejiandaa wiki mbili. Huo mnaouita ulezi, kwangu ulikuwa mlango uliofungwa. Vyama vya weusi navielewa, vilianza kwa sababu milango yote ilikuwa imefungwa mbele yao. Hao wengine walikuwa wamefungiwa mlango gani?

Mleta mada:

Dada, hoja yako sina la kuipunguza. Kumwandaa kijana kwa mahojiano ni kumlea. Kumrusha foleni ni kumnyang'anya mwingine, na mkongwe anayeketi upande wa mwajiri alipaswa kujitoa kwenye mahojiano hayo.

Ndugu wa Atlanta, ya Penn State imenigusa, na nakubali: kulala nyumba moja na vijana si kuwalea. Lakini tazama ulivyoandika. Una vijana wanne. Unajua nani amefiwa na ana mtihani lini. Ungekuwa na vijana 60 na cheo cha mlezi, usingejua. Kwa hiyo nakuondoa wewe kwenye madai yangu. Mtu wa kujitolea asiyemiliki chochote asishtakiwe kwa asichokiona.

Ninayemtaka ni shirika linalopokea kodi ya nyumba. Desemba 2024 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria inayovilazimisha vyuo kuhesabu na kutangaza visa vya mateso haya. Ni hatua nzuri, ila mzigo umewekwa kwa chuo. Mimi nataka pembeni ya kila kisa kinachotangazwa liandikwe na jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba anyimwe bima au apoteze nyumba. Wakongwe wakijua paa lao liko hatarini, watawatafuta watu wa aina yako na kuwaomba wawe kumi badala ya mmoja.

Kuhusu giza la 1990, hapo tunatofautiana. Majaribu yalijificha kwa sababu kilichofutwa ni tendo, na hamu ya kijana kuthibitisha kwamba anastahili ikaachwa bila kazi. Jando lilikuwa na kazi ya kumpa: kufundishwa, kuimba, kuvumilia mbele ya watu wazima. Jirani yangu na ile tai, hilo nalo ni jaribu. Kijana alitoka jasho.

Mpwa wangu nimempigia jana usiku. Sikumkataza. Nimemwambia aulize mambo mawili kabla ya kukubali: nyumba ni ya nani, na kuna mkongwe gani wa tawi hilo ambaye akimpigia saa nane usiku atapokea. Nimemwambia ampigie kweli, saa nane, ajaribu. Amecheka, akasema ni utovu wa adabu kumwamsha mtu mzima. Nimemwambia ampigie hivyo hivyo, kisha anipigie na mimi.