Jumba la Lord Egerton, nyumba ya Karen Blixen au Elsamere: nimpeleke mama wapi?

BintiRongai
Habari zenu wanajukwaa. Likizo ya Agosti nataka kutoka na mama (miaka 71, magoti yanamsumbua) na wanangu wawili wa shule ya msingi. Mama alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Molo, babu akiwa kibarua wa pareto. Miaka yote amekuwa akitamani kuingia ndani ya nyumba mojawapo ya hizo, maana enzi zao mtoto wa kibarua hakufika hata mlango wa jikoni. Nimebaki na tatu: Lord Egerton kule Njoro, Karen Blixen (yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa) hapa Nairobi na Elsamere ya Naivasha. Siku ni moja tu, gari tunalo. Mngechagua ipi?

MkaziWaNgata
Dada, karibu Njoro. Kama mama anataka kuona jumba la bwana mkubwa hasa, hizo nyingine mbili hazilifikii hili. Maurice Egerton alianza kulijenga 1938, vita vikaikatiza kazi, likamalizika 1954. Ni mawe ya kuchongwa nje na mbao ndani, vyumba zaidi ya 50, na kwenye ukumbi mkubwa kuna kinanda cha mabomba kinachopanda ukutani. Watoto watashangaa. Sasa fikiria kwamba mwenyewe aliishi humo miaka kama minne tu, akafariki 1958 bila mke wala mtoto.

Waongozaji watawasimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba baada ya kukataliwa akapiga marufuku wanawake kukanyaga hapo. Leo jumba liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na mama yako ataingilia mlango wa mbele. Kwa hilo pekee ningekuja huku.

Tahadhari mbili. Msitarajie vyumba vilivyojaa fanicha, vingi ni vitupu. Na kuna ngazi.

Mwalimu_Kimani
Hadithi ya mapenzi inanisumbua kwa sababu inameza mengine yote. Egerton alizaliwa 1874, kwa hiyo alipoanza ujenzi alikuwa na miaka 64. Hakuwa kijana wa kuposa. Alikuwa tajiri mwenye maelfu ya ekari katika nchi ambayo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904, na sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imewapa walowezi mikataba ya miaka 999. Hata shule ya kilimo aliyoianzisha 1939, ambayo ndiyo chuo kikuu cha leo, ilianza kwa ajili ya vijana wa kizungu. BintiRongai, wanao wakienda, mwulize mwongozaji ni nani waliochonga yale mawe na walilala wapi usiku. Mimi huwauliza kila ninapopeleka wanafunzi, na maswali ya watoto hubadilika papo hapo.

Kwa kujifunza, mimi napendelea Karen. Nyumba ilijengwa 1912, haina ghorofa, magoti ya mama yatapumzika. Ina samani na vyombo vya jikoni, vingine vya asili na vingine vilivyoletwa baadaye, kwa hiyo mtu anaona jinsi walivyoishi. Pia inaonyesha kwamba si kila mlowezi alifanikiwa: mahali pale pako juu mno kwa kahawa, mvua haikutosha, kiwanda kikaungua 1923, na 1931 shamba likauzwa. Mnunuzi alilikatakata viwanja, ndicho chanzo cha mtaa wa Karen. Maskwota waliokuwa wakilima pale walitakiwa kuondoka, na mwenye nyumba alihangaika na serikali ili wapewe ardhi pamoja. Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo wakati wa uhuru, na imekuwa makumbusho tangu 1986.

Naivasha_Kwetu
Elsamere ni pazuri, lakini kwa mahitaji yako naiweka ya tatu. Ni nyumba ya kawaida kando ya ziwa. Joy Adamson, yule aliyemlea simba Elsa, alikuwa na makao yake hapo miaka ya mwisho ya maisha yake; aliuawa 1980 akiwa Shaba. Utakunywa chai ya alasiri uwanjani, mbega wakiruka mitini. Watoto watafurahi sana. Ila habari zake ni za wanyama, na mama yako anatafuta habari za mashamba.

BintiRongai
Asanteni sana, na wewe Mwalimu umenifungua macho. MkaziWaNgata, hizo ngazi: mama akibaki chini atakuwa amekosa mambo mengi?

MkaziWaNgata
Hapana. Ukumbi wenye kinanda uko chini, na ndicho kitu kikubwa pale. Nje kuna bustani pana ya kukaa. Watoto wapande juu na mwongozaji, wewe ubaki naye.

ShoshWaMolo
Binti yangu, na mimi nilikulia huko huko kwenye pareto. Mpeleke Njoro. Karen ni jirani yako, mtaenda Jumapili yoyote. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro inaelekea kwao. Hata kabla ya kufika ataanza kukuonyesha shamba la nani lilikuwa wapi. Mwache aongee, na wajukuu wasikilize.

BintiRongai
Basi ni Njoro, shosh. Nilikuwa nafikiria Jumamosi.

MkaziWaNgata
Jumamosi kuna harusi mara nyingi, utakuta mahema na muziki na msongamano. Njooni katikati ya wiki. Toka Nakuru ni kama kilomita 14, mnashika barabara ya Njoro na kukata pale Ngata.

Mwalimu_Kimani
Mkiwa mnarudi Nairobi, pitieni Hyrax Hill, iko karibu na barabara kuu mkishatoka Nakuru. Makumbusho yenyewe yako ndani ya nyumba ya zamani ya shamba, ndogo, bila makuu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937, na watoto wataona kwamba watu waliishi kwenye kilima kile maelfu ya miaka kabla ya lodi yeyote. Fikeni kabla ya saa kumi jioni ili msikimbizwe.