Naombeni ushauri: data za utafiti wangu wa mawimbi ya redio zina pengo, nijaze au niache?

#1 Mtafiti_Mchovu
Salaam wakuu. Niende kwenye mada. Nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, uhandisi wa mawasiliano. Utafiti wangu unahusu mawimbi ya FM yanavyosafiri juu ya bahari. Nimefunga antena Wete, Pemba, nyumbani kwa mjomba, napokea stesheni moja ya Mombasa. Kutoka huku hadi kule ni kama kilomita 110, maji matupu karibu njia nzima. Kwa hesabu za darasani tusingeipata vizuri. Mnara wa mita 100 upeo wake ni kilomita 41, antena yangu ya mita 10 inaongeza 13, jumla 54. Hiyo ni nusu ya safari. Lakini muulize Mpemba yeyote, kuna siku Mombasa inaingia kama iko uani.

Kidude cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio, kimechomekwa kwenye laptopu ya zamani, kinaandika nguvu ya mawimbi kila dakika kumi. Nilianza wakati wa kusi, nikaendelea hadi kaskazi ikashika. Matokeo ni mazuri mno: kaskazi imeongeza nguvu ya mawimbi desibeli 6 kwa wastani! Shida ni kwamba mwezi wa Novemba kuna pengo la wiki kadhaa, sina data. Msimamizi anataka grafu isiyokatika. Nichore mstari wa kuunganisha pande mbili, au nitumie fomula za ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, kujaza? Muda wa kuwasilisha umekaribia, usingizi umeniruka.

#2 Sufuria_Tupu
Mimi nimefika kwenye "desibeli" nikaenda kunywa maji. Kila la heri mkuu.

#3 BabuWaTanga
Vijana mnahangaika na kitu tulichokijua bila shahada. Zanzibar walianza televisheni ya rangi mwaka 1974. Huku Bara tulikaa bila televisheni hadi miaka ya 90. Marehemu baba akasimamisha mlingoti wa mabomba, kila bomba limeungwa na mwenzake kwa waya, juu kabisa akafunga mifuniko ya sufuria za mama. Jioni joto likikaba na bahari imetulia, picha inakuja safi, majirani wanajaa hadi dirishani. Upepo ukigeuka, chenga tupu. Mama alipika wali akifunika kwa sinia, na maneno aliyokuwa akiyasema siwezi kuyaandika hapa. Kwa hiyo kijana, fuata bahari. Achana na fomula.

#4 Mwalimu_Neema
Mwanangu, kujaza data ambazo hukuzipima ndiko kupika data, hata ukikuita kwa jina la ITU. Vyuo vyetu vimeshuka hadhi kwa sababu hii hii. Nimesahihisha ripoti ambazo mwanafunzi hajafika hata kwenye kijiji anachokiandikia. Acha pengo lako wazi, ulale usingizi wako.

#5 Fundi_Masafa
Pengo la wiki kadhaa halimuui mtu. Ninachotaka kujua mimi ni limetokana na nini. Umeme? Laptopu? Halafu kile kidude kina tabia ya kujiongezea na kujipunguzia nguvu chenyewe. Kama hukuifunga hiyo kazi ya kujirekebisha, namba zako ni mapambo tu. Antena ni ya aina gani, na umeilaza au umeisimamisha? Stesheni ikirusha kwa wima nawe umelaza, unaweza kupoteza desibeli 20 bila kujua.

Na tahadhari moja. Wengi wakisikia "bahari" wanakimbilia ule mvuke unaokaa juu ya maji. Tabaka lile ni jembamba, mara nyingi mita 10 au 20, linanasa mawimbi mafupi kama ya rada. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3, haliwezi kufungwa humo. Kwa FM unahitaji tabaka nene, la mita mia na zaidi, hewa kavu ya moto ikiwa imelalia hewa yenye unyevu.

#6 Mtafiti_Mchovu
Asante sana Fundi. Kujirekebisha nilikuzima tangu siku ya kwanza. Antena nimesimamisha. Pengo lilitokana na matengenezo ya kawaida tu, si kitu. Tunaweza kurudi kwenye swali? Mstari au fomula?

#7 Kidongo
Matengenezo ya kawaida ya wiki kadhaa? Mzee, hata kivuko hakikai hivyo. Kilitengenezwa nini?

#8 Mtafiti_Mchovu
Sawa, nitasema, ila msinirukie. Mwanzo nilitumia dipoli, antena rahisi ya waya mbili, nimeifunga kwenye muembe. Vuli ilipoanza tawi likakatika, likashuka na kila kitu. Nikaona badala ya kurudisha ileile bora niboreshe. Nikatengeneza Yagi, antena inayosikia zaidi upande mmoja, ya vipande vitatu kwa mabomba ya alumini, nikaipandisha juu ya paa, inatazama bahari moja kwa moja, jua linazama mbele yake, kazi safi kabisa. Kwa hiyo kusi ni dipoli, kaskazi ni Yagi.

Najua mtasema ndiyo sababu ya ongezeko. Nimeshalifikiria. Vitabu vinasema Yagi ya vipande vitatu inaizidi dipoli kwa desibeli 5 au 6, lakini hiyo ni ya kiwandani. Yangu ni ya msumeno na tepu, nimekadiria 2. Nikitoa 2, kaskazi bado ina 4 zake. Na muhtasari nimeshautuma kwenye kongamano, msimamizi kaupitia, kafurahi.

#9 Sufuria_Tupu
🤣🤣🤣 Kabadilisha masikio halafu anasema watu wameanza kupiga kelele.

#10 Fundi_Masafa
Huo ndio uzi wenyewe, umeuficha hadi posti ya nane. Ndugu yangu, Yagi ya msumeno ikikatwa kwa vipimo haina tofauti kubwa na ya kiwandani, alumini haijui imekatwa na nani. Hiyo 2 umeipenda tu. Na kebo je, ileile?

#11 Mtafiti_Mchovu
Kebo ya kwanza ilikuwa RG-58, mita 20. Ilichanika pamoja na tawi. Nikaweka RG-6 ya dishi, urefu uleule. Hiyo nayo ni shida?

#12 Fundi_Masafa
Kwa masafa ya FM, mita 20 za RG-58 zinakula kama desibeli 3. RG-6 inakula 1 na kitu. Umepata karibu 2 za bure hapo. Jumlisha na 5 za Yagi, ni 7. Wewe umepima ongezeko la 6. Kwa hesabu hiyo kaskazi imekupunguzia desibeli moja, na hapo sijagusa kwamba paa si muembe.

#13 Mzee_wa_Visiwa
Kwa wasiojua, Yagi si kazi ya Yagi peke yake. Mwaka 1926, Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, kazi kubwa ya maabara aliifanya Shintaro Uda, na Hidetsugu Yagi alikuwa profesa wake. Dunia ikamkumbuka profesa. Wenye wasimamizi mnanielewa.

#14 Mpemba_Asilia
Ngoja kwanza. Mimi nimezaliwa Wete. Wete iko upande wa magharibi wa kisiwa, ukitazama jua linapozama unatazama Tanga. Mombasa iko kaskazini. Sasa huyu bwana Yagi yake inatazama jua linazama na anapokea Mombasa? Yagi ina mbele, ubavu na nyuma. Ukiielekeza Tanga, Mombasa inaingilia ubavuni, pale inaposikia vibaya kuliko pote. Ama hajawahi kukanyaga Pemba, ama hana antena. Mie nasema hana vyote viwili.

#15 Kidongo
Kumbe! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

#16 Nyundo_Butu
Hawa ni wale wanaoandika tasnifu za watu kwa malipo. Msimu wa kuwasilisha ukifika wanakuja na "jamani nimekwama", wanachota sura nzima ya mjadala kwenye majibu yenu, wanamuuzia mtoto wa bosi. Mwaka jana kulikuwa na wa kilimo cha mwani, tukamfundisha hadi namna ya kukausha, baadaye akaingia mitini. Fundi, umeshafanya kazi ya mtu bure.

#17 Mwalimu_Neema
Nilijua. Mwanafunzi wa kweli angemuuliza msimamizi wake.

#18 BabuWaTanga
Mwalimu, wasimamizi wa siku hizi hawapokei simu. Mjukuu wangu alimfuata wake hadi msibani.

#19 Mlezi wa Jukwaa
Tusimhukumu mtu kabla hajajibu. Na Sufuria, punguza vicheko, uzi una watu wenye shida.

#20 Mtafiti_Mchovu
Nimesoma yote, nimeumia. Wete nimeiandika makusudi, sikutaja kijiji kwa sababu msimamizi wangu anapita humu. Nipo juu zaidi kaskazini mwa kisiwa, bahari naiona mbele na kushoto, na jua linazama hapo kushoto. Nilipoandika "mbele yake" nilikuwa napamba maneno. Yagi nimeielekeza kwa dira.

Mnataka ushahidi kwamba vipimo nimefanya? Kila siku magharibi ikiingia, nguvu ilikuwa inapanda ghafla kama desibeli 3, mara moja, si polepole. Saa nne usiku inashuka vilevile, kama imekatwa na mkasi. Nikafurahi nikajua ndiyo tabaka la hewa lenyewe. Kisha nikajiuliza, hewa gani inafuata saa za duka? Nikachukua redio ndogo ya betri, nikaizungusha mtaani usiku. Kila nikisogelea duka la jirani mlio unazidi, zzzzz, nikifika kwenye taa za barazani redio haisikii kitu kingine. Taa za LED za bei rahisi. Nikamnunulia nyingine, na ule mruko ukaisha. Haya, mwandishi wa kulipwa angelijua hilo kutoka wapi?

#21 Mpemba_Asilia
Hili la taa nalikubali, halitungiki. La jua bado nina kinyongo nalo.

#22 Nyundo_Butu
Mimi bado. Anaweza kuwa ameambiwa na mteja wake.

#23 Fundi_Masafa
Mteja au si mteja, antena ni ileile. Taa ulizibadilisha lini?

#24 Mtafiti_Mchovu
Kabla ya tawi kuanguka, wiki chache hivi.

#25 Fundi_Masafa
Basi jioni zako za kusi zina taa ndani yake. Ile namba unayoandika inajumlisha stesheni na kelele, haitenganishi. Kwa kipindi chote, tumia saa ambazo duka limefungwa, usiku wa manane hadi alfajiri. Usiku wa manane ndio wakati mzuri hata hivyo.

Halafu sikiliza, maana naona umeng'ang'ania ile 6. Wastani ndicho kitu cha kuchosha kuliko vyote ulivyonavyo. Tabaka likijifunga juu ya bahari, stesheni haipandi 6, inaweza kuruka 20 na zaidi kwa saa chache, kisha inarudi. Mruko wa namna hiyo dipoli itauona na Yagi itauona. Kwa hiyo usilinganishe antena na antena. Tafuta kiwango cha kati cha kipindi cha dipoli peke yake, na cha Yagi peke yake, kisha hesabu ni usiku ngapi stesheni iliruka zaidi ya desibeli 10 juu ya kiwango cha antena yake. Hapo kusi na kaskazi zinaongea bila muembe kuingilia. Dosari inabaki kidogo: siku mawimbi yakiwa dhaifu sana dipoli ilizama kwenye kelele mapema kuliko Yagi, liseme hilo kwenye tasnifu.

Baada ya hapo chukua data za hali ya hewa za ERA5, ni bure, zina joto, unyevu na shinikizo kwa kila saa na kila kimo. Piga hesabu ya namna hewa inavyopinda mawimbi kadiri unavyopanda. Kawaida namba hiyo inashuka kama vipimo 40 kwa kila kilomita ya kupanda. Ikishuka zaidi ya 157, wimbi linapinda kuliko mviringo wa dunia, limenaswa. Angalia kama siku zako za mruko zinaangukia hapo. Zikiangukia, una tasnifu nzuri kuliko ile uliyomwonyesha msimamizi.

Na kama dipoli ipo, irudishe muembeni na kebo ya RG-58, iache pamoja na Yagi, pokezanisha kila saa kwenye kidude kilekile. Wiki mbili zinatosha kujua tofauti ya kweli.

#26 Mtafiti_Mchovu
Dipoli ipo, mke wa mjomba kaifanya kamba ya kuanikia. Wiki mbili sina Fundi, kweli. Na kongamano?

#27 Kidongo
Muhtasari umeandikaje?

#28 Mtafiti_Mchovu
Sikutaja namba. Nimeandika "ongezeko kubwa wakati wa kaskazi".

#29 Fundi_Masafa
Waandikie leo wakubadilishie sentensi hiyo. Watu wa kongamano wanapokea barua za namna hiyo kila mwaka, hawashangai.

#30 Mzee_wa_Visiwa
Na ukimwambia msimamizi, mwambie kwa maandishi. Mimi dosari yangu niliieleza kwa mdomo korido ya ghorofa ya pili, siku ya utetezi akaniuliza mbele ya watu kana kwamba ndiyo anasikia.

#31 Mtafiti_Mchovu
Asanteni wote, hata mlionitukana. Nitaangalia la kufanya. Swali la mwisho tu: nikiamua kujaza lile pengo kwa fomula ya ITU, ni ipi hasa?

#32 Fundi_Masafa
P.1546. Ina hadi michoro ya bahari ya joto. Inakupa nguvu ya mawimbi kwa asilimia 50, 10 au 1 ya muda. Haikwambii Jumanne ya pili ya Novemba ilikuwaje. Acha pengo wazi.

#33 Mpemba_Asilia
Na picha ya hiyo Yagi weka hapa, asubuhi, kivuli kionekane.