Tupeane uzoefu: aota, mshipa mkuu wa damu (vipimo, dawa, operesheni na kukaa nyumbani)

Bandarini (mwenye mada)

Assalam alaykum wana jamvi. Uzi huu ni wa wanaoshughulika na aota kazini: mafundi wa picha, manesi, watu wa famasi, wa mazoezi. Visa vya "marehemu ami yangu" tuviweke kando. Kila mmoja aeleze anachokijua: kipimo gani, kiasi gani, wapi watu hukosea na kwa nini.

Nianze na jina, maana vurugu linaanzia hapo. Kwetu ukisema "fulani ana mshipa" watu wanaelewa ngiri au busha. Mgonjwa akirudi nyumbani akasema daktari kaona mshipa umevimba tumboni, jirani wa kwanza atamtajia mganga wa ngiri na wa pili atamletea mafuta ya kuchulia. Kwa hiyo hapa tuseme aota.

Ni bomba linalotoka moyoni upande wa kushoto. Linapanda kidogo, linapinda kama mpini wa bakora, linashuka nyuma ya kifua kando ya uti wa mgongo, linapita tumboni, kisha karibu na usawa wa kitovu linagawika njia mbili, kila moja na mguu wake. Karibu na moyo upana wake ni kama sm 3 hadi 3.5, tumboni kama sm 2. Ukuta wake una tabaka tatu. Maradhi yake makubwa ni mawili. Kuna kutanuka, ambapo ukuta unalegea na kufura polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Na kuna kuchanika, ambapo tabaka la ndani linapasuka, damu inapenya katikati ya tabaka na kujichimbia njia ya pili. Kutanuka kunafuatiliwa kwa miaka. Kuchanika kunahesabiwa kwa masaa.

Wanaokaa karibu nayo: wenye presha isiyotibiwa, wavuta sigara (hasa aota ya tumboni), warefu wembamba wenye vidole virefu na macho mabovu tangu utoto (maradhi ya kurithi yaitwayo Marfani), waliozaliwa na vali ya aota (mlango wa damu inapotoka moyoni) yenye vipande viwili badala ya vitatu, na waliowahi kupata kaswende wakaiacha. Karibuni.

Fundi Picha

Wa alaykum salaam. Naanza na altrasaundi ya tumbo kwa kuwa ni rahisi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Njoo hujala kwa saa 6. Ukipitia chai na maandazi na soda, tumbo linajaa gesi, na nyuma ya gesi altrasaundi haioni kitu. Fundi naye aukate mshipa mkato ulionyooka. Fikirieni muhogo: ukiukata mshazari, kipande kinatoka kirefu kuliko unene wa muhogo wenyewe. Aota ya mtu mzima huwa imejipinda, na anayepima mshazari anaongeza sentimita ambazo hazipo. Halafu kuna suala la ukingo, wengine hupima ukuta wa nje hadi wa nje, wengine wa ndani hadi wa ndani. Baina ya mafundi wawili tofauti ya mm 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo aliyepimwa sm 4.1 Wete, mwezi wa pili akapimwa 4.5 mjini, asianze kuandika wasia. Arudie kwa fundi mmoja, kwa njia moja.

Ripoti lazima iwe na namba. "Aota imetanuka kiasi" si jibu, irudishe dirishani. Tumboni, kuanzia sm 3 tunaiita imetanuka. Ratiba inayotumika sana ni hii: 3 hadi 3.9, rudia baada ya miaka 3; 4 hadi 4.9, kila mwaka. 5 hadi 5.4, kila miezi 6. Operesheni inazungumzwa ikifika 5.5 kwa mwanamme na 5 kwa mwanamke, au ikiongezeka nusu sentimita ndani ya miezi 6, au ikianza kuuma, hata kama bado ni ndogo.

Altrasaundi ya tumbo haikuambii chochote kuhusu kifua. Eko, yaani altrasaundi ya moyo, inaona mwanzo wa aota na vali. Kuiona yote ni CT yenye dawa ya kung'arisha. Hapo manesi nisikilizeni: wekeni kanyula (kibomba cha mshipani) ya kijani, ile nene, mkono wa kulia. Ya bluu ni nyembamba, haistahamili kasi ya ile dawa, na ukiweka mkono wa kushoto, dawa nzito inapita mbele ya upinde wa aota na kuchafua picha pale pale tunapotaka kupaangalia. Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) iwe imepimwa. Anayetumia metformini ya kisukari aseme mapema, maana figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa saa 48.

Mtambwe

Fundi, X-ray ya kifua ikitoka safi si imekwisha hiyo?

Fundi Picha

Haijakwisha. Kivuli cha katikati ya kifua kikiwa kipana kinatia shaka, lakini kikiwa cha kawaida hakiondoi shaka. Kuna waliochanika na X-ray yao safi kabisa.

Bi Zamu (mapokezi ya dharura)

Maumivu ya kuchanika hayaanzi kidogo kidogo. Yanakuja mara moja yakiwa kileleni, kifuani au baina ya mabega, na huweza kushuka mgongoni hadi kiunoni. Tazameni pia kuzimia, mguu mmoja kuwa wa baridi, mdomo kwenda upande, sauti kukwaruza ghafla. Nyumbani wataita gesi, au vidonda vya tumbo, au upepo mbaya.

Pimeni presha mikono yote miwili. Namba ya juu ikitofautiana kwa 20 au zaidi, simama hapo hapo. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupima mkono mmoja, ukasoma 100/60, ukamtundikia maji haraka haraka, kumbe mkono wa pili una 190. Ule mkono wa 100 unadanganya kwa sababu mshipa wake umezibwa na lile tabaka lililochanika. Tangu hapo mkono wenye namba kubwa ndio wa kufuata, spitali na nyumbani, na uandikwe kwenye cheti.

Mpangilio wa tiba una sababu yake. Kwanza maumivu, kwa mofini. Pili mapigo ya moyo yashuke chini ya 60 kwa dawa za kupunguza mapigo, labetaloli au metoprololi ya mshipani. Presha ya juu tunaitaka baina ya 100 na 120, ilimradi mgonjwa ana fahamu na anakojoa. Ikibakia juu baada ya mapigo kutulia, ndipo iongezwe dawa ya kutanua mishipa. Ukigeuza, ukaanza na za kutanua mishipa kama haidralazini au nifedipini ya chini ya ulimi, presha itashuka lakini moyo utaanza kwenda mbio, na kila pigo linausukuma mpasuko mbele. Mwenye pumu asemwe mapema, dawa hizo za mapigo zinaweza kumbana kifua, kuna nyengine.

Na tafadhali, kifua kikiuma namna hii asipewe dawa ya kuyeyusha damu kabla aota haijatazamwa. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaweza kuonyesha mshtuko wa moyo kwa sababu mpasuko umefika kwenye mishipa ya moyo wenyewe.

Picha ikitoka, swali ni moja: sehemu inayopanda kutoka moyoni imo au haimo? Ikiwemo ni aina A, anahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo. Hesabu ya miaka mingi ni kwamba katika siku mbili za mwanzo kila saa inachukua takriban mtu 1 au 2 katika 100. Ikiwa ni ile inayoshuka tu, ni aina B, na wengi hutibiwa kwa dawa, isipokuwa damu ikikosekana matumboni, figoni au miguuni, au ukuta ukianza kuvuja.

Mkoani–Malindi

Kuhusu kuvuka. Operesheni za namna hii kwa watu wetu mara nyingi ni Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mgonjwa wa aina A aliyeko Pemba si wa boti, ni wa ndege. Hata aliyetulia, kusi likivuma na mkondo wa Nungwi ukachafuka, atatapika njia nzima, na kila akijikamua presha inapanda. Apewe dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka, na ya maumivu isikatike njiani.

Bahasha iwe na: ripoti ya CT pamoja na picha zenyewe kwenye CD (karatasi peke yake itafanya apigwe picha upya), presha za mikono miwili na saa zilipochukuliwa, dawa alizopewa na saa zake, kreatinini, kundi la damu. Simu ipigwe kwa daktari wa upande wa pili kabla ya kuondoka. Ndugu wawili au watatu wenye afya watangulie, kwa ajili ya kutoa damu.

Duka la Dawa

Mimi nina moja kubwa: sipro. Dirishani kwangu watu huomba siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kama wanaomba panadoli, mkojo ukiwasha kidogo tu. Disemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kundi hilo, pamoja na levofloksasini, linaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa wenye aota iliyotanuka, Marfani, presha, na wazee. Mwenye aota aseme dirishani, atapewa nyengine. Vile vile dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na diklofenaki (za maumivu) za kila siku, zinapandisha presha. Mirungi hivyo hivyo.

Atenololi, bisoprololi na ndugu zao, dawa za kupunguza mapigo, haziachwi ghafla. Ukiacha siku mbili tatu, mapigo yanarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Zikibaki vidonge 7 njoo ununue, usingoje zishe.

Ramadhani: ya mara moja kwa siku chagua futari au daku, usihamehame. Ya mara mbili, futari na daku. Ya mara tatu, mwambie daktari kabla ya Shaabani kwisha akubadilishie. Ya kukojoza iwe futari, ukiimeza daku utakauka mchana. Aliyechanika karibuni, hata kwa aina B, hana funga mwaka huo, ana udhuru.

Binti Jang'ombe

Mwanamke kijana, mashine ya presha kila siku haisomi mkono wa kushoto, wa kulia inasoma vizuri. Mashine mbovu?

Bi Zamu

Mashine jaribu kwa mtu mwengine kwanza, dada yangu. Ikisoma, basi gusa mapigo ya vifundo vyote viwili vya mikono. Yakiwa hayapo kushoto, na mkono huo unachoka akikuna nazi au akianika nguo, fikiria Takayasu, ambapo kinga ya mwili inashambulia aota na matawi yake. Ni maradhi ya wanawake wa umri mdogo hasa. Apimwe ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini), apigwe picha, na tiba huanza kwa prednisoloni ya kiwango kikubwa inayopunguzwa kidogo kidogo. Haikatwi ghafla hata uso ukifura.

Chumba cha Operesheni

Kwa ufupi. Njia ya wazi: kipande kibovu kinabadilishwa kwa bomba la kitambaa cha dakroni. Michael DeBakey wa Houston alishona mabomba ya mwanzo kwa cherehani miaka ya 1950. Mwisho wa 2005, akiwa na miaka 97, aota yake mwenyewe ikachanika, akapasuliwa mwanzoni mwa 2006 na kuishi hadi 2008. Njia ya pili ni bomba lililokunjwa, linapitishwa kwenye mshipa wa paja na kufunguliwa ndani, kama alivyofanya Juan Parodi kule Buenos Aires mwaka 1990. Hiyo haina mpasuo mkubwa, lakini tumboni inataka angalau sm 1 hadi 1.5 ya aota nzima chini ya mishipa ya figo, pa kushikia. Na haina "nimepona, kwaherini": damu huweza kuvuja pembeni mwa bomba, kwa hiyo CT baada ya mwezi, baada ya mwaka, kisha ufuatiliaji wa kila mwaka.

Aota ya kifua inayoshuka ina khatari ya pekee: mishipa midogo ya uti wa mgongo hutokea hapo, na mgonjwa anaweza kuamka miguu haina nguvu. Aulize hili kabla ya kutia saini. Akibadilishiwa na vali ya chuma, ni warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha, na INR, kipimo cha ugandaji wa damu, iwe baina ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na matembele ale, ila kwa kiasi kile kile kila wiki.

Mazoezi Tiba

Kifua kikishapasuliwa, mfupa wa kati unataka wiki 8 hadi 12. Mwisho wa kubeba ni kilo 4 au 5; ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hata nusu yake haifai. Kukuna nazi, kupanda mkarafuu, kuvuta ngalawa, kusukuma gari, bado. Kuinuka kitandani ni kwa kugeukia ubavu, miguu ishuke kwanza, mto umeukumbatia kifuani. Sala aswali kwenye kiti. Kutembea ndiyo, tena kila siku, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Kinachokatazwa moja kwa moja, hata kwa ambaye hajapasuliwa, ni kubana pumzi huku unanyanyua, na kujikamua chooni. Mapapai na maji.

Mtambwe

Na hijama? Na kuchua tumbo linalodunda?

Duka la Dawa

Mwenye warfarini, hijama hapana. Tumbo linalodunda halichuliwi, linapelekwa kwa Fundi Picha, bila chai.