Sensa ya tangi inarukaruka: nibaki na ultrasoniki, niende presha, au floti tu?

Mkazi_Sahare

Wakuu, salaam. Niko Tanga, huku Sahare, upande ambao upepo wa bahari unaingia hadi jikoni. Nyumbani nina simtanki la lita 1000 juu ya mnara, na pampu inapandisha maji kutoka tangi la chini. Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani) inasoma usawa wa maji kupitia ESP32 (bodi ndogo yenye Wi-Fi) na sensa ya ultrasoniki, yaani inayopima kwa mwangwi wa sauti, HC-SR04, niliyoifunga kwenye mfuniko kwa ndani. Pampu inawaka na kuzima kwa kufuata namba hiyo.

Grafu imekuwa meno ya msumeno. Usiku inatulia. Mchana asilimia zinapanda taratibu wakati pampu imelala na hakuna aliyeingiza hata ndoo. Pampu ikiwaka ndiyo balaa: 60, 0, 100, 60 tena, ndani ya dakika moja. Juzi namba ilisoma 100 ya uongo, pampu ikazima, maji yakakatika mama mkwe akiwa bafuni na sabuni mwilini. Mnaelewa uzito wa kesi yangu.

Nachagua kati ya JSN-SR04T (ultrasoniki isiyoingia maji), sensa ya presha ya kuzamisha inayotuma kipimo kwa mkondo wa 4–20 mA (miliampia), au kurudi kwenye floti (swichi inayoelea) na kuachana na mambo ya asilimia. Ipi inavumilia pwani?

fundi_Ngamiani

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Hapo una magonjwa mawili, na moja litakufuata hata ukibadilisha sensa.

Kuruka pampu inapowaka ni tatizo la umeme. Mota ikianza huvuta mkondo mkubwa kuliko wa kawaida mara kadhaa, volti za nyumba zinashuka kidogo, chaja inayolisha ESP32 inayumba, na HC-SR04 inayotaka volti 5 inaanza kuropoka. Jaribu hivi: lisha ESP32 kwa pawabenki, kisha washa pampu. Ikitulia, mchawi ni chaja. Isipotulia, fuata waya. Waya wa sensa ukipita bomba moja na waya wa pampu, utapokea kelele zote za mota. Tena ESP32 isikae sebuleni huku sensa iko mnarani. Ipandishe juu, ikae karibu na sensa, habari ziletwe na Wi-Fi. Ukiwa huko huko, angalia pini ya echo, inayorudisha jibu la sensa: inatoa volti 5, ESP32 inataka 3.3. Gawanya kwa rezista mbili, ya omu 1000 na ya omu 2000.

Hiyo ya mchana ni joto. Sensa hiyo haipimi umbali, inapima muda wa sauti kwenda na kurudi. Hewa ikiwa nyuzi 24, sauti inakwenda kama mita 346 kwa sekunde. Ikifika nyuzi 45 ndani ya simtanki jeusi, inakwenda karibu mita 359. Programu haijui hilo, inatumia namba moja saa zote. Kwa hiyo mchana mwangwi ukiwahi kurudi, yenyewe inadhani maji yamepanda. Nafasi tupu ikiwa mita 1, kosa ni kama sentimita 3 na nusu. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.1 lina takriban lita 9.5 kwa kila sentimita, kwa hiyo unaonyeshwa lita 33 ambazo hazipo.

BintiPangani

Hapo kwenye pawabenki, angalia isiwe ile inayojizima yenyewe ikiona mzigo mdogo. Utamlaumu bure mtu wa watu.

JSN-SR04T ninayo, inafanya kazi, ila si mwujiza. Uzuri wake ni kwamba kichwa kimezibwa na bodi unaiweka nje ya tangi ndani ya kisanduku. HC-SR04 macho yake mawili yako wazi. Mvuke unaganda matone kwenye wavu, na chumvi ya huku kwetu inakula miguu ya vipuri na risasi za bodi. Ukiikuta na unga wa kijani, usihangaike kuisafisha.

Ubaya wa JSN ni kwamba haioni kilicho karibu nayo, kama sentimita 20 hivi. Tangi likijaa hadi shingoni inatoa namba za ajabu, tena wakati ule ule unapotaka pampu izime. Iinue juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba pana. Halafu sauti yake inatawanyika sana, ikigonga mbavu za ukuta wa tangi au bomba la kuingizia maji, inakusomea hizo. Iweke mbali na ukuta na mbali na pale maji yanapomwagikia.

Kwenye ESPHome (programu inayoendesha ESP32) tumia kichujio cha median, yaani namba ya katikati, siyo wastani. Chukua masomo haya: 60, 60, 0, 60, 60. Wastani unakupa 48, median inakupa 60. Wastani unamsikiliza mwongo, median inamtoa nje.

Ya joto JSN haiiponyi, fundi amesema kweli.

Mkazi_Sahare

Dada, je, nikiweka sensa ya joto ndani ya tangi programu isahihishe yenyewe? DS18B20 ninayo droo.

BintiPangani

Inawezekana. Kasi ya sauti ni 331.3 ujumlishe 0.606 mara nyuzi joto. Ila weka sharti: 85 kamili au −127 zitupwe. DS18B20 ikisema 85 mara nyingi ndiyo kwanza imepata umeme na haijapima. −127 ni programu inakuambia haiioni sensa kabisa, waya umeachia. Ukiingiza −127 kwenye hesabu hiyo, kasi ya sauti inashuka hadi 254 na tangi lako litaonekana limejaa kuliko lilivyo.

Bagamoyo_Umeme

Kaka, kwa nini uhangaike na hewa wakati unachotaka ni maji? Nenda presha. Mita 1 ya maji ni kilopaskali 9.8, iwe jua iwe mvua, povu au mvuke haivihusu. Na 4–20 mA ina jambo moja ambalo ultrasoniki haina: tangi tupu ni 4 mA, waya uliokatika ni 0. Unajua kama umeishiwa maji au umeishiwa waya.

Inataka volti 24 zake. Pitisha mkondo kwenye rezista ya omu 150 upate volti 0.6 hadi 3.0, kisha soma kwa pini 32 hadi 39 za ESP32. Zile za ADC2 (kundi la pili la pini za kusomea volti) hazisomi Wi-Fi ikiwa hewani. Ukitaka usomaji ulionyooka zaidi, weka ADS1115, chipu ya nje ya kusomea volti. Nunua ya kipimo kifupi, mita 2 zinakutosha. Ya mita 10 kwenye tangi la mita moja na kitu unapoteza usahihi mwingi. Ining'inize juu kidogo ya tope la chini.

Sasa mtego wake. Ndani ya kebo kuna kijibomba chembamba cha kupumulia, ili presha ya hewa ijifute pande zote mbili. Kuna jamaa hapa Bagamoyo alikiziba kwa silikoni akidhani anazuia unyevu. Tangi lake likaanza kujaa na kupwa kama bahari: juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Si bahari wala jini. Presha ya hewa huku kwetu tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila hektopaskali moja ni karibu sentimita moja ya maji.

mzee_wa_kontakta

Nyote mnapima. Nani anazima pampu? Wekeni floti juu kabisa ya tangi, iungwe moja kwa moja kwenye koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayowasha pampu. Wi-Fi ikifa, ESP32 ikiganda, floti inazima. Ingine tangi la chini, pampu isizunguke kavu ikaungua. Hizo asilimia zenu ni za kuangalia kwenye simu.

Bagamoyo_Umeme

Hapo kwa mzee sina neno.

Mkazi_Sahare

Nimerudi. Pawabenki ilijibu: pampu ikawaka, namba haikutikisika. Chaja nimeitoa, ESP32 imepanda mnarani ndani ya kisanduku. Floti mbili zinafungwa kama mzee alivyosema. Pampu itaanza kwa asilimia 30 na kuzima kwa 90, na ikizidi muda wa kawaida wa kujaza ijizime yenyewe. Kwa kupima nachukua presha, maana kupanda kule kufuta chumvi kila msimu siwezi.

Swali la mwisho kwa Bagamoyo: hicho kijibomba nikiache wazi masika yote?

Bagamoyo_Umeme

Wazi, lakini si mvuani. Mwisho wa kebo uishie ndani ya kisanduku chenye tundu dogo upande wa chini, na humo utie vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vibadilishe vikishiba. Kebo iingilie kwa chini pia, uiache ining'inie kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani.