Tupeane uzoefu: nani hapa amewahi kulipwa ajifunze kutengeneza dawa, si kuijaribu tu?

Mfamasia wa Langata

Habari zenu wasomi wa Nairobi na viunga vyake. Nimeanzisha hii kwa sababu kila nikikaa na watu wa utafiti, iwe Upper Hill ama kule Mbagathi Way, stori ni ile ile. Tuko na watu wazuri sana wa kuendesha majaribio ya dawa, wanajua kusajili wagonjwa, kuchukua damu, kujaza fomu hadi mkaguzi anakosa la kusema, lakini dawa yenyewe inafika hapa ikiwa imeshaiva, dozi imeshapangwa, itifaki (mpango wa jaribio) imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodi zetu. Mimi naamini akili tunazo, kinachotukosesha ni muda. Huwezi kujifunza kazi ya kutengeneza matibabu mapya jioni ukitoka lokamu (zamu ya kibarua) ya tatu wiki hiyo.

Na huo muda kuna pesa za kuununua, wengi hawajui. Ufadhili wa mradi unalipia kazi. Huu mwingine unamlipia mtu: mshahara wake, kozi, kwenda kukaa na waliobobea, na kautafiti kadogo ka kujifunzia. Kama umepata, kama umenyimwa, kama ulikatiwa katikati, leta stori. Ulilipwa na nani, ulijifunza nini haswa, na mwajiri wako alisemaje. Hiyo ya mwajiri tafadhali msiiruke.

Daktari wa Watoto

Ndugu yangu hapo kwa mwajiri ndo penyewe.

Mimi nataka kujua dozi za watoto wachanga. Dawa nyingi tunazowapa tunachukua ya mtu mzima tunapunguza kwa kilo, na figo na ini la mtoto wa siku tatu halifanyi kazi kama la mtu mzima aliyepunguzwa, bado linakomaa, kwa hivyo dawa inaweza kukaa mwilini muda ambao hukutarajia. Hiyo ni sayansi nzima, inaitwa famakolojia ya kitabibu, na hesabu zake si za kuokota njiani.

Nilianza kwa kusoma K23, granti ya kumlipia mtu ya NIH, taasisi kuu ya serikali ya utafiti wa afya kule Marekani, nikaipenda kweli, kufika kwa masharti naona ni ya raia wao ama mwenye ukaazi wa kudumu. K08, ya aina hiyo hiyo, vilevile. Yenye iko wazi kwetu ni K43, ya Fogarty, tawi la NIH la kazi za kimataifa, imeundwa kwa watafiti chipukizi walioajiriwa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, unahitaji mlezi wa kitaaluma Marekani na mwingine hapa nyumbani, na taasisi yako ya hapa inaweza kuomba yenyewe moja kwa moja. Kabla ya hayo yote taasisi iwe imesajiliwa kwa SAM, orodha ya serikali ya Marekani ya wanaopokea pesa zake, na kwa eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya NIH, hiyo peke yake inakula wiki nyingi, kama mko na nia anzeni nayo leo hata kama hujaandika sentensi moja.

Sasa barua. Hizi granti zinataka mwajiri aandike kwamba atakuachia muda, kwa K nyingi ni asilimia 75 ya kazi yako. Pale nilikokuwa barua ilikaa mezani, mara mkubwa yuko mkutanoni, mara ati nani atashika kliniki, halafu watu wa fedha wakaona taasisi inapata asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji wakasema hii maneno haiwasaidii. Kilichofungua mlango ni ratiba. Niliketi na wenzangu wawili tukaandika kliniki zangu zote na nani angezichukua, tukaonyesha kwamba mshahara wangu ukilipwa na granti ule wa taasisi unabaki, unaajiri daktari mwingine wa kudumu. Mkuu wa idara aliisoma akaitisha kalamu hapo hapo. Kwa hivyo usiende kuomba muda kama msaada, nenda na karatasi inayoonyesha pengo lako limezibwa na nani.

Granti ilipita, namshukuru Mungu. Sai naweza kuchora mwendo wa dawa kwa damu ya mtoto kutoka kwa matone machache sana ya sampuli, kitu ambacho kabla nilikuwa natuma nje nasubiri majibu.

Wanja_Dawa

Mimi njia yangu ilikuwa tofauti, sikuenda chuo, nilienda kampuni. Kuna feloshipu ya TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya tropiki, hao wako chini ya WHO Geneva, na kuna kipindi waliifanya pamoja na EDCTP, ushirika wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya dawa, inamchukua mtafiti wa nchi kama yetu inamweka ndani ya kampuni ya dawa ama shirika linalotengeneza dawa za magonjwa yaliyosahaulika, unafanya kazi na timu yao, halafu unarudi nyumbani, mwajiri wako anakuwa ameahidi kwa maandishi kwamba kiti chako kipo na mmekubaliana mapema utakuja kufanya nini.

Naomba niwaambie nilichoona kule maana hakifundishwi darasani. Nilikuwa nadhani dawa ni molekuli. Kumbe molekuli ni sehemu ndogo. Faili la kusajili dawa, hiyo CTD ambayo hata Bodi yetu ya Famasia na Sumu inaitumia, ina sehemu tano: ya utawala, ya muhtasari, ya ubora wa dawa yenyewe, ya majaribio ya kabla ya binadamu, na ya binadamu. Sisi huku karibu wote tunaishi kwa sehemu ya tano. Hiyo ya tatu, kidonge kinatengenezwaje, kinaoza baada ya muda gani kwa joto na unyevu wa Mombasa, kila bechi inafananaje na nyingine, nilikaa na mama mmoja mkemia aliyekuwa amefanya kazi hiyo maisha yake yote, alikuwa ananiwekea chati anauliza "hapa kuna shida, iko wapi?" na mimi natafuta hadi naiona. Hakuna kozi ya mtandaoni inakupa hiyo.

Na vikao vya kuua dawa. Niliketi kwa kikao ambapo dawa ya miaka mingi ilisimamishwa kwa sababu ya matokeo ya sumu kwa wanyama, hakuna aliyelia, walifunga faili wakaanza kuuliza tumejifunza nini. Nilitoka hapo nimebadilika.

Mwajiri wangu kusema ukweli alinitendea vizuri, kiti nilikikuta. Shida ilikuja baadaye, kurudi na ujuzi ambao hakuna dawati lake. Ikabidi tuliunde.

Kemia_Juja

@Wanja_Dawa hiyo ya kusimamishwa inanigusa. Wengi hapa mnajua H3D, kituo cha kugundua dawa cha Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Kelly Chibale aliianzisha 2010. Timu yao na MMV, shirika la kutafuta dawa za malaria, walitoa dawa ya majaribio MMV390048, ikafika kwa binadamu 2014, baadaye ikaachwa. Watu huiona kama hadithi ya kushindwa na mimi nasema hapana, wale vijana walioifanyia kazi walipita ngazi zote na mikono yao, hao ndio mali.

Sisi wa mimea ya dawa tunakwama mapema zaidi. Mtu wa Kasarani ama Juja anatoa kemikali kwa jani, inaua kimelea kwa sahani ya maabara, anaandika makala, anapata PhD, mwisho. Kutoka hapo unahitaji kujua kama inayeyuka, kama ini linaimaliza ndani ya dakika, kama ina sumu, inaweza kutengenezwa kwa kilo, ndipo ufikirie awamu ya 1 kwa watu wachache wenye afya. Tu Youyou alipata Nobel 2015 kwa artemisinin lakini nyuma yake kulikuwa na mpango mzima wa serikali, hakuwa mtu mmoja na jani lake. Pesa niliyopata mimi ilikuwa ya skolashipu, DAAD ya Ujerumani, iliniheshimu na nilimaliza, ila iliishia palepale shahada ilipoishia. Ninachokitafuta sasa ni cha baada ya PhD, mwaka mmoja tu kwa maabara inayojua hayo maswali ya ini na kuyeyuka. Mwenye habari aniambie.

Sista wa Kacheliba

Mimi ni muuguzi, naandika kwa sababu mmesema madaktari na wafamasia tu. Nimefanya kazi ya kala-azar, ule ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, Pokot Magharibi kabla nihamie Nairobi. Zamani mgonjwa alikuwa anadungwa siku 30. Utafiti wa DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Sudan, Ethiopia na Uganda ukaonyesha ukichanganya SSG, sindano ile ya zamani, na paromomycin, sindano nyingine, ni siku 17, WHO wakapendekeza 2010. Siku 13 ni kitu kikubwa kwa mama aliyeacha mbuzi na watoto wengine manyatta. Halafu ukaja mwingine wa miltefosine ya kumeza na paromomycin, siku 14, na sindano zimepungua.

Nani aliona kwamba siku ndizo zinawafukuza wagonjwa? Ni sisi tulioshinda nao wodini. Na nikitafuta ufadhili wa kujifunza kubuni utafiti kama huo naambiwa uwe na MBChB (digrii ya udaktari) ama PhD. CARTA, mpango wa kufundisha watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Nairobi, niliipenda, ni ya PhD na wauguzi wanaingia, ila lazima uwe mwajiriwa wa taasisi mwanachama na mimi siko. Nilichopata ni kozi fupi za GCP, kanuni za kuendesha majaribio ya dawa, tena na tena. Siombi kupendelewa jamani. Naomba masharti yaangalie mtu amefanya nini.

Mfamasia wa Langata

Sista asante sana, umesema kitu ambacho hakikuwa kwa maswali yangu na kilifaa kuwa cha kwanza.

Otis_Data

Yangu ni ya kukatiwa. Nilikuwa kwa mafunzo ya takwimu za majaribio ya dawa, pesa ni ya NIH lakini inapitia chuo cha Marekani halafu inakuja kwetu kama ruzuku ndogo. Tarehe 1 Mei 2025 NIH wakatangaza kwamba ruzuku ndogo za kwenda nje hazitatolewa tena kwa mtindo huo hadi watengeneze mfumo mpya. Kabla ya hapo Januari tulikuwa tumeona majirani zetu wa miradi ya USAID wakifungasha. Kwetu imeli ilikuja fupi. Supavaiza wangu wa hapa alituita mmoja mmoja, hakuficha kitu, akasema mshahara upo hadi mwisho wa mwezi, na data ya wagonjwa haiguswi na mtu, wametuamini nayo. Tuliendelea kuisafisha hata baada ya mshahara kuisha kwa sababu watu walitoa damu yao.

Somo la kiufundi kwa wenzangu: uliza pesa inapitia kwa nani. Granti inayokuja moja kwa moja kwa taasisi yako na ile inayopitia chuo cha nje zinaonekana sawa kwa payslipu, siku mambo yakigeuka hazifanani hata kidogo.

Mwalimu wa Pwani

Wanangu, nimesoma yote. Nimewahi kukaa upande wa kusoma maombi, niwape jinsi yanavyosomwa. Kwa hizi K wanatazama mambo matano: mwombaji mwenyewe, mpango wa kujiendeleza, mpango wa utafiti, walezi, na mazingira pamoja na ahadi ya taasisi. Alama ni 1 hadi 9 na 1 ndiyo bora, msishtuke mkiona namba ndogo. Vijana wetu huandika utafiti mzuri ajabu kisha mafunzo wanayapa nusu ukurasa, orodha ya kozi tu. Msomaji anataka aone: leo sijui hiki, bila hiki siwezi kufanya kile, huyu ndiye atakayenifundisha, na nitajua nimekijua kwa dalili hii. Kila kozi ifungwe na swali moja la utafiti. Isiyofungika itoeni.

La pili, msitazame Marekani tu. Science for Africa Foundation iko hapa hapa Nairobi, ndiyo inayosimamia DELTAS, mpango wa kufadhili mafunzo ya watafiti wa Afrika ulioanza 2015, na kupitia hiyo nimeona vijana wakianza kwa kituo cha utafiti cha Kilifi na leo wana maabara zao. Na la tatu linaniuma. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na ikataja asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi kuikaribia. Otis na wenzake walisafisha data bila mshahara kwa nchi hii; nchi nayo ina sheria tayari, imeandikwa, haihitaji kutungwa upya. Tuwaulize wabunge kila bajeti inaposomwa, kwa jina la sheria na mwaka wake.

@Sista wa Kacheliba, binti yangu, tafuta taasisi itakayokuajiri hata kwa mkataba wa nusu muda kama mtafiti, hilo la uajiri ndilo linalokufungia mlango, hizo siku 17 zako ni CV tosha.

Kijana_MSc

Shikamoo mwalimu. Mimi namaliza MSc ya famakolojia mwaka huu, sina makala hata moja bado, nataka magonjwa ya figo. Nianze kutafuta mlezi ama nianze kuandika?

Daktari wa Watoto

Mlezi kwanza, lakini usimwandikie "naomba unisimamie" hivyo hivyo tu. Soma makala zake mbili, mwandikie aya moja ya swali lako na kwa nini yeye. Wengi hawajibu, subiri wiki mbili umkumbushe kwa adabu.

Na usingoje K43 saa hii, hiyo ni ya mtu ambaye ameshamaliza shahada ya juu na ana ajira. Kwako ni PhD yenye pesa. Angalia Pan African University pale Juja, Umoja wa Afrika unalipa, angalia na DELTAS kama alivyosema mwalimu.

Wanja_Dawa

@Kijana_MSc dawa za figo niko na vitu vya kukuonyesha. @Sista wa Kacheliba na wewe pia, tuko na kikundi kidogo tunasomeana maombi Jumamosi asubuhi, hakuna ada, hakuna anayeulizwa ana shahada gani. Nimewaandikia inboksi. Mje na ukurasa mmoja wa malengo, bajeti tutaangalia baadaye.

Sista wa Kacheliba

Nimeona. Ijumaa niko shifti ya usiku, Jumamosi natoka saa moja asubuhi, nakuja moja kwa moja.