Naombeni ushauri, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu baba na nikisoma nilichoandika simuoni yeye

Binti wa Tatu (mleta mada):
Habarini wakubwa kwa wadogo. Baba yetu ametutoka juzi usiku akiwa na miaka 74, alikuwa anaumwa muda ila hatukuwa tayari, sijui kama kuna mtu anakuwaga tayari. Mazishi jumamosi. Kwenye kikao cha familia kaka zangu wakasema wewe ndo unajua kuandika, andika wasifu na utausoma wewe. Tangu jana niko na daftari nimeandika alizaliwa lini, alisoma wapi, kazi alizofanya, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 9, nikimaliza nikisoma naona kama barua ya kuombea kazi, baba hayumo kabisa.

Baba ninayemjua mimi ni yule ukisafiri anapiga simu hata salamu hakuna, "umefika?" ukisema nimefika baba anajibu "haya" anakata. Ni yule alikuwa usiku anavipiga kiwi viatu vyetu vyote vya shule, asubuhi tunavikuta mlangoni vimepangwa kuanzia cha kaka mkubwa mpaka kile kidogo changu. Sasa mambo kama haya yanaandikwa kwenye wasifu kweli? Naogopa wazee watasema nimeleta utoto msibani.

Na lingine, mwanangu ana miaka 4, alikuwa haachani na babu yake. Ndugu wamemwambia babu amelala. Tangu jana usiku hataki kulala analia tu. Nimechanganyikiwa.

Kaka wa Pembeni:
Pole sana dada, poleni familia nzima. Viatu viandike!! Mimi nilisoma wa mzee wangu nikajaza vyeo na miaka, watu walitulia tu. Jioni yake jirani akaja akasimulia mzee alivyokuwa anamwazima baiskeli, nyumba nzima ikalia na kucheka. Mpaka leo najuta kwanini ile hadithi haikuwa kwenye karatasi.

Mama Mapacha:
Pole mdogo wangu. Naanza na mtoto maana hilo haliwezi kusubiri jumamosi. Neno "amelala" ndo linamtesa, mtoto wa umri huo analichukua kama lilivyo, anaona akilala na yeye hataamka. Mwambie babu amekufa, kufa maana yake mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hawezi kurudi. Mwambie pia kulala ni kitu kingine, sisi tukilala tunaamka. Atauliza tena kesho na keshokutwa, wadogo hivyo hawaelewi bado kwamba mtu akifa ndo moja kwa moja, mjibu vilevile bila kumkaripia. Na ukilia mbele yake sio vibaya, mwambie nalia kwasababu nimemkumbuka babu, asije akadhani amekukosea yeye. Mimi wangu nilimficha, nilikuja kulipia baadae.

Mzee wa Kalamu:
Pole binti yangu. Kuzaliwa, ndoa, kazi na ugonjwa aya moja moja fupi inatosha, halafu mpe nafasi yeye. Usimwandike peke yako. Nenda kaa na mama yako usimuulize "baba alikuwa mtu wa namna gani", hapo atakujibu alikuwa mtu mzuri basi. Muulize siku ya kwanza alimuona amevaa nini, walipokosana nani alikuwa anaanza kuongea. Wajukuu waulize babu alikuwa anawaambia nini kila siku. Uzingatie muda, maneno kama 600 ukisoma taratibu ni dakika 5 hivi, ukizidisha sana watu wanachoka. Usisahau waliomuuguza, wataje.

Sikio la Kufa:
Mi naongezea msimfanye malaika. Kama alikuwa mkali sema alikuwa mkali, waliomjua wanajua.

Mama Mapacha:
Hapo nakupinga kidogo, ukali sawa, ila madeni na ugomvi wa ndugu havisomwi mbele ya jeneza, mjane amekaa pale.

Fundi Simu:
Pole dada. Kama mna voice note zake kwenye simu mzihamishe leo. Akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 inafutwa, na laini ikikaa bila kutumika mtandao unaweza kuifunga wakampa mtu mwingine namba. Simu yake msiifute wala kumpa mtu kwanza, hamisha sauti na picha weka sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Picha za karatasi andikeni nyuma kwa penseli nani ni nani, mama akiwepo, peni inapenyeza wino.

Kaka wa Pembeni:
Kuhusu kulia ukiwa unasoma: printi herufi kubwa, soma kwa sauti mara tatu chumbani ulie huko, nakala ya pili mpe kaka yako asimame karibu. Ukishindwa anapokea pale pale, hakuna atakayekulaumu.

Binti wa Tatu:
Asanteni sana, nimesoma zote nalia ila mikono imeacha kutetemeka. Nimetoka kukaa na mama. Eti miaka yote 46 alikuwa anamwita mama yetu "mama fulani", kwa jina la kaka yetu, jina lake mwenyewe alilitaja mama akiumwa tu, ndo mama alikuwa anajua kwamba ameogopa. Sisi watoto hatukujua hilo hata mmoja. Wiki iliyopita kitandani alimwita kwa jina lake, mama anasema hapo alielewa.

Nimeuliza kama niandike, kasema andika. Nimefuta ukurasa wote wa kwanza nimeanza na "umefika?"

Mtoto nimemwambia mchana huu kama mama mapacha ulivyosema. Kaniuliza sasa nani atampangia viatu, kumbe na yeye alikuwa anapangiwa. Amelala sasa hivi, viatu vyake kavileta mwenyewe mlangoni.