Naomba ushauri: kufunga chumba cha kulala nyuma ya Land Cruiser pikapu

Ndugu zangu, nimeng'oa bodi ya nyuma ya pikapu yangu ili niweke jukwaa bapa la chuma, na juu yake chumba chepesi cha kulala watu wawili, kwa safari za kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ziwa Natron. Fundi anasisitiza kuchomelea jukwaa moja kwa moja kwenye chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari). Mimi nasita, kwa sababu chasisi hujipinda kwenye makorongo, na chumba kigumu kilichobanwa pande zote huishia kupasuka kwenye viungio. Je, aliyewahi kufunga kwa bolti zenye springi, zinazoacha jukwaa licheze kidogo chasisi inapojipinda, alizipanga vipi? Tangi la maji la lita 60 nimeamua kuliweka mbele ya ekseli ya nyuma. Kuta, alumini au plaiwudi?